Mbona Hakuna Aliyeniuliza?

SWALI: Anko shikamoo. Mi nalima viazi huku Umalila, Mbeya Vijijini. Mwaka juzi nilipanda Novemba kama marehemu baba alivyokuwa anapanda, mvua ikanyesha siku tatu ikakata, mbegu gunia nne zikanyaukia ardhini. Redioni nasikia serikali imeenda Dubai, mara Baku, wanajadili tabianchi. Huko wanasema nini kwa niaba yangu, na mbona hakuna aliyeniuliza? Mama Viazi, Umalila.

JIBU: Marahaba dada, pole sana, gunia nne za mbegu sio mchezo. Maswali mawili umeyashindilia gunia moja kama lumbesa, ngoja nipunguze.

Wanachosema kipo kwenye maandishi. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Paris wa 2015 zinapeleka andiko la ahadi kila baada ya miaka mitano, na la Tanzania la 2021 linasema tutapunguza gesijoto, yaani zile gesi zinazoipasha dunia joto, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na pale ambapo tungefika tusipofanya kitu. Halafu kuna hela. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa Misri 2022, ukaanzishwa rasmi Dubai 2023, na nje ya mfuko huo, Baku 2024 nchi tajiri zikaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 kwa ajili ya tabianchi, wakati nchi zetu zilikuwa zinataka dola trilioni 1.3, kwa hiyo wengi walitoka pale wamenuna.

Sasa la kuulizwa, hapo ndo penye shughuli. Ukisubiri Dubai umeshachelewa, mjumbe anafika kule karatasi imeshaandikwa. Wanaoratibu ni Ofisi ya Makamu wa Rais, Dodoma, na Dodoma hawana macho Umalila, kama hakuna aliyewaandikia kuhusu viazi vyako hawatavijua. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila miezi mitatu na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kamati za mazingira mpaka ngazi ya kijiji. Muulize mtendaji wenu wanakamati ni kina nani, akianza kukuna kichwa jibu umelipata.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano mmoja huku huku nyanda za juu, mzee akasimama akaongea karibu nusu saa jinsi mvua ilivyoharibika na kijito kilivyokauka, watu makofi, mi nikachungulia daftari la mtendaji nikakuta kaandika "hali ya hewa ilijadiliwa". Basi! Maneno manne, na hayo manne ndo yaliyopanda kwenda kata. Kwa hiyo dada usiende na kilio, nenda na tarehe: ulipanda lini, mvua ilikata lini, gunia ngapi zimepotea, na majirani zako nao waje na za kwao, halafu msitawanyike kabla muhtasari haujasomwa mkasikia namba zenu zimo. Nakala moja kwa diwani, nyingine kwa mbunge, maana yeye ndo anaweza kumuuliza waziri bungeni.

Najua utasema Anko nani atasikiliza watu wa viazi. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria kule visiwa vya Pasifiki walianza kuzisumbua serikali zao zipeleke suala la tabianchi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, serikali ya Vanuatu ikalibeba, Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali, na Julai 2025 mahakama ikasema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu moja kwa moja, ila wanasheria dunia nzima sasa wanayatumia, na yalianzia darasani.

SWALI: Anko mambo. Niko chuo hapa Iringa, nataka kwenda COP, ile mikutano ya tabianchi kama ya Dubai na Baku, kama mtu binafsi, najisajili wapi? Kijana wa Kihesa.

JIBU: Poa mwanangu. Mtu binafsi hasajiliwi, unaingia kupitia ujumbe wa serikali au asasi iliyokubaliwa kuwa mwangalizi, kwa hiyo tafuta asasi ya mazingira uanze nayo kazi mapema, sio unabisha hodi Oktoba wakati mkutano ni Novemba. Na usisahau nauli na hoteli, huko ndo wengi wanakwama wakiwa na beji mkononi.