Mwanangu anataka kuwa Mnyama siku ya Simba Day

SWALI: Shikamoo Anti. Nina mtoto wa kiume miaka 7, baba yake Yanga wa kufa mtu ila mtoto kamfuata mjomba wake, damu nyekundu na nyeupe. Sasa tangu aone kwenye simu mtu kavaa kichwa cha simba anacheza uwanjani hatulali, anataka avae hivohivo Simba Day ijayo, ile sherehe ya klabu ya Simba ya kufungua msimu. Nimeulizia bei ya kutengenezewa nikaishiwa nguvu. Nina cherehani, nashona mito na mapazia basi. Nilijaribu kichwa cha boksi, dakika tano kavua, jasho linamtoka anasema haoni, alafu kilikuwa kinamzunguka kichwani. Nifanyeje?
*Mama wa Tabata*

JIBU: Marahaba mwanangu. Boksi halikukuangusha, limekuonyesha tatizo. Kichwa kinachoziba uso mzima ni cha mtu mzima anayelipwa, na hata wao hawakai nacho muda mrefu maana ndani ni jiko. Wa mtoto acha mdomo wa simba wazi, uso wake utokee humo, meno ya juu yakae kwenye paji la uso na taya la chini lipite chini ya kidevu. Macho ya simba yanakuwa pambo tu huko juu, mtoto anaona kwa macho yake mwenyewe.

Anza na kapelo yake ya zamani. Ule ukingo wa mbele ndo unakuwa pua ya simba, na kale kamkanda ka nyuma kanabana kichwa kisizunguke. Juu yake unajengea sponji, nenda kwa mafundi sofa uombe vipande vya inchi moja, mara nyingi wanavitupa. Gundi tumia ile ya mafundi viatu, paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka ukigusa haishiki kidole ndo ubandike, na ukikosea hapo imekula kwako. Fanyia nje kwenye upepo, mtoto asikae karibu, alafu anika siku mbili tatu harufu iishe kabisa.

Kitambaa usinunue kipya, tafuta blanketi la manyoya la mtumba rangi ya mchanga. Kabla hujakata pitisha mkono uone manyoya yanalala upande gani, vipande vyote vielekee nyuma, la sivyo shavu moja litaonekana jeusi kuliko jingine utadhani kaungua. Na usikate na mkasi kwa juu! Geuza, kata kwa wembe upande wa nyuma, kitambaa tu, manyoya yabaki marefu yazibe mshono. Mi nlikata na mkasi mara ya kwanza, nyumba nzima tulikula manyoya wiki.

Manyoya ya shingoni ndo yanamfanya awe simba, bila hayo utapata paka wa jirani. Chukua nyuzi za kufumia za kahawia na nyeusi kidogo, zungushia kwenye daftari, kata upande mmoja, fungafunga kwenye utepe, shonea safu tatu kuzunguka uso.

Mwili usiuvishe manyoya, jezi yake inatosha. Mkia shonea kwenye kiuno cha bukta, uishie magotini maana ukiburuta utakanyagwa, ncha weka kishungi cha nyuzi. Najua baba yake atacheka, si ndo Yanga wanavyowaita Simba, mikia.

Mjaribishe nyumbani nusu saa akiwa anarukaruka, sio kakaa. Uwanjani kichwa kivuliwe kila baada ya muda anywe maji. Na ule uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000, kwahiyo andika namba yako ya simu kwa ndani kwenye kapelo na kwenye bukta pia.

SWALI: Anti, kichwa cha sponji kikilowa jasho nakifuaje?
*Msomaji wa Morogoro*

JIBU: Hakifuliwi, sponji ikinywa maji haikauki leo na gundi inaachia. Shonea kitambaa cha pamba kwa ndani kwa vifungo, unatoa hicho ndo unafua. Kichwa chenyewe anika kivulini.

Na wewe wa Tabata, mzee akizidi kununa mwambie alete sponji ya kijani tumtengenezee chura wake, si ndo Simba wanavyowaita Yanga.