Maswali ya wasomaji: filamu zetu katika kumbi ndogo za Nairobi

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinahusu kumbi ndogo za sinema zisizomilikiwa na kampuni kubwa, kama vile Unseen iliyoko Kilimani, pamoja na filamu za Kiafrika zinazopata nafasi humo. Nimechagua barua tano.

Nilipanga kutazama filamu ya Kikenya katika wiki yake ya pili, nikakuta imekwisha kuondolewa. Kwa nini haraka hivyo? (Msomaji, Buruburu)

Ukumbi mdogo aghalabu una skrini moja tu, kwa hiyo kila saa inayopewa filamu hii imenyimwa nyingine. Ukumbi haununui filamu bali huikodi, na mapato ya tiketi hugawanywa kati yake na mwenye filamu au msambazaji. Siku hizi filamu nyingi huletwa kama faili iliyofungwa kwa ufunguo wa kidijitali, na ufunguo huo hukubali mashine fulani tu, kati ya tarehe zilizoafikiwa. Muda ukiisha, faili haifunguki hata kama watu wamepiga foleni hadi barabarani. Kwa sababu hiyo mwenye ukumbi huangalia mauzo ya siku tatu au nne za mwanzo kabla ya kuamua kama ataomba nyongeza. Filamu ya kigeni iliyotangazwa kila pembe ya dunia huja na watazamaji wake tayari. Ya kwetu hutegemea watu kuambiana, na inasikitisha kwamba mara nyingi huondolewa wakati sifa zake ndipo zinaanza kufika Buruburu na Kahawa.

Kwamba Wanairobi hujitokeza wanapojua muda ni mfupi kulidhihirika Septemba 2018. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, ilikuwa imepigwa marufuku nchini kwa kuwa inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, ili watu wazima waruhusiwe kuitazama na filamu iweze kutimiza sharti la tuzo za Oscar la kuonyeshwa katika nchi yake kwa siku saba mfululizo. Tiketi za sinema ya Prestige, katika barabara ya Ngong, ziligombaniwa. Hatimaye Kenya iliwakilishwa katika tuzo hizo na filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina, lakini wiki ile ilionyesha kwamba watazamaji wa filamu za nyumbani wapo. Ushauri wangu ni kwamba filamu ya Kikenya uitazame katika siku zake za kwanza, kisha uwaambie jirani zako usiku huohuo.

Mama yangu hasomi haraka na Kiingereza kinampita. Alizoea filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro. Nimpeleke kutazama nini? (Msomaji, Kangemi)

Ukumbi rasmi hauwezi kuongeza sauti ya msimuliaji juu ya filamu bila idhini ya mwenye haki, ingawa natamani siku moja watayarishaji wetu wakae na wasimulizi hao na kuandaa maonyesho ya pamoja, kwa kuwa usanii wao umewafungulia sinema watu wengi waliokuwa wamefungiwa nje na lugha. Kwa sasa, tafuta filamu ambayo mama ataisikia kwa masikio. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, inazungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng ya mjini, na kisa cha kijana anayetoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, kisha akaingia katika genge la wezi, kinaeleweka hata pale neno moja moja linapomponyoka mtu. Ina ukatili na lugha chafu, kwa hiyo mwulize kwanza.

Ningempeleka kwa furaha zaidi kutazama The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, filamu ya hali halisi inayomfuata kijana wa Mombasa anayerudi kijijini baada ya kusikia kwamba bibi yake anaitwa mchawi. Mama atazijua zile lawama za kifamilia, sala, na mashamba yanayotazamwa kwa jicho la tamaa. Kabla ya kulipa, piga simu ukumbini uulize mambo mawili: lugha inayozungumzwa, na lugha ya maandishi ya chini.

Je, naweza kumpeleka mtoto wa miaka 12 katika filamu iliyowekewa 16 nikiwa naye? (Mzazi, Kasarani)

Hapana. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya hutumia alama nne: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto anayehitaji uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18, ambazo ni mipaka ya umri. Kuwapo kwa mzazi hakubadilishi 16 kuwa PG.

Hata hivyo, alama haikuambii yote. Supa Modo inafaa watoto, lakini mhusika wake Jo ni msichana wa miaka tisa aliye mgonjwa mahututi, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Mtoto aliyefiwa karibuni anaweza kulia sana, na kilio hicho si kibaya iwapo umemweleza mapema na una nafasi ya kuzungumza naye njiani kurudi nyumbani.

Filamu za hali halisi si kama taarifa ya habari tu? Kwa nini nizilipie? (Msomaji, South B)

Taarifa ya habari hukupa dakika mbili za tukio, ilhali filamu hukaa na watu kwa miaka. Softie ya Sam Soko inamfuata mwanaharakati na mpigapicha Boniface Mwangi hadi alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Maandamano tuliyaona sote katika runinga. Ambalo hatukuliona ni sebule yake, mkewe Njeri akimwuliza kama nchi inapaswa kuitangulia familia, na watoto wakiishi na vitisho vinavyomlenga baba yao. Filamu hiyo ilipata tuzo ya uhariri katika tamasha la Sundance mwaka 2020, na ilistahili, kwa sababu nguvu yake imo katika kupanga siasa ya barabarani na mazungumzo ya jikoni hadi huwezi kuvitenganisha. Katika ukumbi, ukisikia jinsi watu wa jiji hilohilo wanavyonyamaza au kuguna, utajua kwamba swali la Njeri si la nyumba moja.

Kikundi chetu cha vijana kina projekta na ukumbi wa kanisa. Tunaweza kuonyesha filamu hizi mtaani? (Msomaji, Kayole)

Mnaweza, na ningependa mfanye hivyo, lakini kwa utaratibu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imeainishwa na bodi na mwonyeshaji awe na leseni, hivyo anzeni kwa kuuliza ofisi ya bodi kuhusu onyesho la aina yenu. Pili, ombeni ruhusa ya maandishi kwa watengenezaji wenyewe. Kuwa na nakala katika simu si ruhusa. Wengi wao hupokea vizuri maombi ya jamii, hasa kwa filamu kama Thank You for the Rain, ambayo mkulima Kisilu Musya wa Kitui alishiriki kuirekodi kwa kamera yake mwenyewe huku akipambana na ukame na mafuriko. Tajeni katika barua tarehe, idadi ya viti na kama mtatoza kiingilio. Funikeni madirisha vizuri, jaribuni spika siku moja kabla, na tengeni nusu saa ya mazungumzo filamu inapokwisha.