Dogo, usisaini hiyo miaka mitatu ya MMA kabla hujajua pambano lako lijalo ni la nani

Usisaini. Weka kalamu chini, salamu tutapeana baadaye.

Mada yako hapa jukwaani nimeisoma jana kwenye daladala ya Mbezi mpaka nikapitiliza kituo. Una miaka 23, umecheza ngumi za kulipwa mara saba na kushinda sita, wakala amekuletea mkataba wa miaka mitatu nje ya nchi wa MMA, ule mchezo wa kizimbani unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana. Unauliza nani analipwa zaidi kati ya mpiganaji wa MMA na bondia, kama umechelewa kuanza mieleka, na jimu ipi hapa Dar inafundisha kupigana chini. Halafu ukamalizia: "Jumatatu nasaini, jamaa kasema nafasi ni moja." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imeninyima usingizi. Mwaka 2018 niliambiwa maneno hayohayo, nikayaamini.

Hapo juu wadau wanabishana kuhusu pambano la ngumi la Conor McGregor, nyota wa MMA, na bondia Floyd Mayweather. Sawa, tuanze nao, maana picha ya McGregor ndiyo iliyonitia shimoni.

Pambano lile la Agosti 26, 2017 nililitazama kibanda umiza, Manzese, kwetu ikiwa Jumapili asubuhi. Mayweather alihakikishiwa dola milioni 100, McGregor milioni 30, na hapo mgao wa mauzo ya runinga bado. Waliolipia kutazama, Marekani peke yake, walipita milioni nne. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 2016, McGregor huyohuyo alipigana UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, pale Las Vegas, malipo yake yaliyotangazwa yakawa dola milioni 3, na watu wakasema ni rekodi ya UFC. Soma tena taratibu, dogo. Mtu yuleyule, ngumi zilezile: milioni 3 kwenye kizimba, milioni 30 kwenye ulingo wa ngumi. Na hiyo 30 aliichukua kwa kupigwa, mwamuzi alisimamisha raundi ya kumi.

Sasa sikia wakala wangu alivyoniingia. Nilikuwa na miaka 25, mapambano tisa, mchana nabeba mizigo kwenye ghala Kariakoo, jioni naenda mazoezini. Alinisubiri nje ya jimu, akatoa simu, akanionyesha McGregor na suti yake. "Huyu alikuwa fundi bomba Dublin. Ona MMA ilivyomfanya." Hela aliyokuwa ananionyesha ilikuwa hela ya ngumi! Mimi bondia, mchezo uliozaa ile hela ninao mkononi, nikauacha ili niende kuitafuta kwingine. Na yeye alijua. Mtu anayeishi kwa mikataba hawezi kusema hakujua McGregor alilipwa kwa mchezo gani usiku ule. Namlaumu mpaka leo na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Mkataba ulisema dola 2,000 na 2,000. Kichwani mwangu zikawa 4,000 na nikamwambia mama hivyo. Kumbe 2,000 ni ya kupanda, 2,000 nyingine ni ya kushinda. Ukipigwa, nusu imekwenda. Nilifanya maandalizi wiki kumi, ghalani nikaaga. Nikasafiri, nikapanda kizimbani na mtu aliyekuwa anafanya mieleka tangu mtoto. Raundi ya kwanza nilimpiga vizuri. Ya pili akanishika miguu, nikaenda chini, akanikaba koo, nikagonga mkeka kukubali nimeshindwa. Hilo halinisumbui, mchezo una kushinda na kushindwa. Kinachonisumbua ni bahasha niliyopewa hotelini usiku ule.

Wakala alikata asilimia 20. Lakini hakukata kwenye 2,000 niliyoipata, alikata kwenye 4,000 iliyotajwa kwenye mkataba, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo nilivyosaini. Dola 800 zikaondoka. Tiketi ya kocha wangu, ambayo nilidhani ni ofa ya promota, dola 480. Viza na vipimo vya damu, macho na kichwa, dola 210. Chumba cha kocha siku za ziada, dola 70. Nikabaki na 440, nikampa kocha 200 yake, asilimia kumi ya malipo kama tulivyozoea. Nimerudi Dar na dola 240, kwa bei ya wakati ule kama laki tano na nusu. Kule ghalani nilikuwa nalipwa 10,000 kwa siku. Wiki kumi, siku sita kwa wiki, ni laki sita. Kwa hiyo ningebaki kubeba magunia ningekuwa na hela zaidi, na shingo isingeuma.

Ingeishia hapo ningesema ni ada ya shule. Haikuishia hapo.

Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, pambano ambalo Waingereza hawakumpa nafasi kabisa. Nani asiyekumbuka? Baada ya hapo simu zilianza kuulizia Watanzania. Mapema 2019 moja ikamfikia kocha wangu wa ngumi: raundi nane, Uingereza, pauni 5,000, taarifa ya siku kumi na nne. Najua maana ya taarifa ya siku kumi na nne, wanakuita uje upigwe. Mwakinyo naye hawakumwita ashinde. Nilikuwa mzima, uzito ninao, pasi ya kusafiria ninayo. Nilikimbia ufukwe wa Coco alfajiri ile kama mtu aliyefufuka.

Kocha akaniuliza, "Mkataba wako wa kule unasemaje?" Tukaufungua. Ukurasa wa nne. Mpiganaji hatashiriki "mchezo wowote wa mapigano" bila idhini ya maandishi. Mkataba ni mapambano manne au miezi 36, *lolote litakalochelewa*. Ukiumia, ukikataa pambano, au pambano likiahirishwa kwa sababu yoyote, saa ya mkataba inasimama, muda huo hauhesabiwi. Nikampigia wakala nikimsihi aniachie usiku mmoja tu. Akasema naruhusiwa, nilipe dola 3,000. Mtu aliyenikabidhi 240 ananidai 3,000! Nafasi ile akaenda kijana mwingine wa hapahapa Dar, akapoteza kwa pointi, akarudi akanunua pikipiki mbili. Simuonei wivu, ni rafiki yangu. Lakini kila pikipiki hizo zikipita naziona.

Pambano langu la pili kule liliahirishwa mara mbili. Halafu 2020 ikaja corona, saa ikasimama tena. Sikupewa pambano, sikupewa senti, na sikuruhusiwa kupanda hata kwenye mapambano ya utangulizi pale Ubungo kwa laki mbili. Nilitoka kwenye mkataba 2022, nina miaka 29. Umri ambao bondia anatakiwa kuvuna, mimi niliumaliza nikipiga begi peke yangu na kuulizwa mtaani, "Bro, siku hizi hupigani?"

Ndiyo maana swali lako la nani analipwa zaidi naliona limekaa pabaya. Swali ni moja tu: pambano langu lijalo ni la nani? Ni langu, au la aliyenisainisha? Anayelishika pambano lako lijalo ndiye anayepanga bei yako, uwe kwenye ngumi, MMA au hata mieleka ya mchangani.

Mtazame Francis Ngannou, Mcameroon aliyechimba mchanga utotoni. Januari 2022 alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, dunia nzima inamwogopa, akatetea mkanda kwa malipo yaliyotangazwa ya dola 600,000. Alitaka kupigana ngumi, mkataba ukamkatalia. Akafanya nini? Alikataa hela mpya waliyomwekea mezani, akasubiri na goti limepasuliwa, Januari 2023 akatoka huru. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Riyadh kwenye ulingo wa ngumi, anamwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu. Alipoteza kwa pointi, ila vyombo vya habari vilitaja malipo ya kama dola milioni kumi. Machi 2024 akapigana na bondia mwingine, Anthony Joshua, akazimwa raundi ya pili, na hapo yakatajwa makubwa zaidi. Alipoteza mara mbili, akapata zaidi kuliko alichopata akishinda miaka yote. Ngumi zake hazikubadilika. Kilichobadilika ni nani anashika kalamu.

Na hili si maneno ya kijiweni. Wapiganaji wa UFC waliishtaki kampuni mahakamani Marekani tangu Desemba 2014. Nyaraka za kesi zikaonyesha wapiganaji wanapata chini ya asilimia 20 ya mapato, wakati wachezaji wa kikapu wa NBA wanapata karibu nusu. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 335, jaji akakataa akaona ni ndogo, wakarudi na milioni 375, zikapitishwa 2025. Upande wa ngumi, tangu mwaka 2000 Wamarekani wana sheria yenye jina la Muhammad Ali: promota lazima amwambie bondia pambano limeingiza kiasi gani, na promota haruhusiwi kuwa meneja wa bondia wake. Sheria hiyo haiwagusi watu wa MMA. Ndiyo sababu mabondia wakubwa wanakaa mezani na kugawana asilimia, kama Mayweather na Pacquiao walivyogawana 60 kwa 40 mwaka 2015, na bingwa wa kizimba anapokea alichoandikiwa.

Nitasema haki pia, sitaki uje kunizomea. Kwa anayeanza, UFC yenyewe ni bora kuliko ngumi. Kwa miaka mingi mgeni wa pale amekuwa akianzia dola 12,000 za kupanda na 12,000 za kushinda, pamoja na dola 4,000 za kuvaa nguo za mdhamini. Bondia wa raundi nne hukohuko Marekani anaweza kupanda kwa dola elfu moja na kitu, tena akiwa amehangaika mwenyewe kuuza tiketi. Kwa hiyo kama UFC ndiyo imekupigia simu, nenda, nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege, Terminali 3. Lakini hawajakupigia wao. Amekupigia mtu mwenye promosheni ambayo hakuna hapa aliyewahi kuitazama, anatumia bei za UFC kukusainisha kwenye karatasi yake. Na hata hizo 12,000, kama wewe si mkazi wa Marekani serikali yao inaweza kukata kodi ya asilimia 30 juujuu kabla meneja na kocha hawajanyoosha mikono.

Basi Jumatatu fanya hivi. Mwambie unataka pambano moja, siyo miaka mitatu. Mwambie mkataba uiache nje michezo ya ngumi, kwa maandishi, kwa sababu ngumi ndiyo kazi uliyonayo tayari na ina kamisheni yake, TPBRC, kuna mlango wa kwenda kugonga ukidhulumiwa. Mwambie asilimia yake ihesabiwe kwenye kilichoingia mkononi mwako, isihesabiwe kwenye kilichotajwa. Tiketi ya kocha, viza na vipimo, iandikwe nani analipa. Kama amekuja na nia njema atakaa mnywe chai muongee. Wangu nilipomuuliza swali moja tu, nani analipa vipimo, alikasirika akasema wapo vijana ishirini wanaisubiri nafasi yangu. Nikaogopa, nikasaini juu ya boneti ya gari, Magomeni, taa za barabarani zikiwa zimewaka. Sikuufikisha hata nyumbani kwa dada yangu, ambaye ni mwalimu na angeusoma wote kabla chakula hakijaiva.

Wewe umetuwekea picha za kurasa tatu. Chini ya kila ukurasa nimeona imeandikwa "kati ya 6". Ile ya nne, ya tano na ya sita ziko wapi? Je, umepewa, au umeambiwa utaziona siku ya kusaini? Zipige picha uziweke hapa leo usiku, ufute jina lako na la jamaa. Anza na ya nne.