Je, Hispania ilikuwa na haki ya kuwakabidhi Wasahrawi?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 1975 Hispania iliwaachia Moroko na Mauritania koloni lake la Sahara Magharibi, nchi ya Wasahrawi. Mkoloni anaruhusiwa kukabidhi watu hivyo? Wajibu wake ni upi kabla hajaondoka?
Mwanafunzi wa sheria

JIBU: Haruhusiwi. Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinamtaka mtawala atangulize masilahi ya wenyeji, awaandae kujitawala, na ampelekee Katibu Mkuu taarifa za mara kwa mara kuhusu uchumi, jamii na elimu ya eneo husika. Azimio namba 1541 la Baraza Kuu la Umoja huo, la mwaka 1960, linatoa njia tatu: uhuru, ushirika huru na dola nyingine, au kuungana nayo. Kuungana ndiko kwenye masharti mazito: watu wawe wanakijua wanachokichagua, na kila mtu mzima awe na kura. Saini za mawaziri hazitoshi.

Hispania ilianza vizuri. Mwaka 1974 ilihesabu watu kwa ajili ya kura ya maoni, ikapata Wasahrawi wapatao 74,000. Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema baadhi ya makabila yalikuwa na utii kwa Sultani wa Moroko, ila hapakuwa na mamlaka juu ya ardhi ya kuwazuia wenyeji kujiamulia. Tarehe 6 Novemba Moroko ikaelekeza raia wake wapatao 350,000 mpakani kulidai eneo hilo. Siku nane baadaye yakasainiwa Makubaliano ya Madrid, ambayo kwayo Hispania iliwaachia Moroko na Mauritania eneo hilo. Tarehe 26 Februari 1976 Hispania ikaondoka, ikitangaza kuwa haina jukumu tena. Wasahrawi hawakuulizwa.

Tangazo hilo halina uzito kisheria. Mwaka 2002 Hans Corell, mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliandika kwamba Madrid hapakuhamishwa mamlaka ya dola, wala hakuna aliyepewa hadhi ya mtawala msimamizi.

SWALI: Na uraia wao je?

JIBU: Hapa ndipo panapoumiza. Wengi walikuwa na vitambulisho vya Kihispania. Amri ya Agosti 1976 iliwapa mwaka mmoja tu wa kuchagua uraia wa Hispania, wakati maelfu walikuwa wamekimbilia kambi za jangwani karibu na Tindouf, Algeria. Haki yenye tarehe ya mwisho haimfai mkimbizi asiyeweza kuifikia ofisi ya kujiandikisha.

SWALI: Yupo aliyefanya vizuri zaidi?

JIBU: Ureno, baada ya Indonesia kuivamia Timor Mashariki, koloni la Ureno, mwaka 1975. Ilikataa kuwakabidhi Watimor, na mwaka 1991 ikaishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa mkataba wake wa mafuta na Indonesia. Kesi haikuamuliwa kwa sababu Indonesia haikuwamo, lakini haki ya Watimor kujiamulia ilithibitishwa. Makubaliano ya 5 Mei 1999 yakaleta kura ya 30 Agosti, ambapo asilimia 78.5 walikataa kubaki chini ya Indonesia. Kosa lilikuwa kuiachia Indonesia yenyewe ulinzi wa kura: wanamgambo waliuchoma mji wa Dili.

Sahara Magharibi kura ilikwama mapema zaidi, kwenye daftari la wapiga kura. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa upo huko tangu 1991, lakini Moroko na Polisario, chama kinachopigania uhuru wa Wasahrawi, zilibishana miaka mingi kuhusu nani ni Msahrawi. Mkoloni anayetaka kuondoka kihalali akamilishe na kulichapisha daftari hilo akiwa bado ana askari na makarani wake pale.