Maswali ya Wasomaji: Kuungama Mara Nne, Hereni Mbili na Karatasi ya Mshahara

Juma hili barua zote tatu zimetoka kwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni.

Swali: Nina miito miwili kanisani, yaani kazi za kujitolea tunazopewa, na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Jumapili ya mfungo nikila najiona msaliti. Kosa langu moja la zamani nimeliungama kwa askofu, kiongozi wa usharika wetu, mara nne. Kila nikitoka natulia siku mbili, kisha moyo unaanza upya. Tumeamriwa kuwa wakamilifu. Nifanye nini zaidi? — *Mama wa watatu, Utah*

Jibu: Zaidi? Tungependa ufanye pungufu, mama.

Hizo siku mbili ndizo zilizotushtua. Aliyetubu anaweza kulikumbuka kosa lake akalihuzunikia, lakini hahitaji kusamehewa upya kila juma. Wasiwasi ndio unaotulia kidogo kisha ukadai tena. Kila askofu anapokuhakikishia kwamba umesamehewa, akili yako inajifunza kwamba bila neno lake hutapona, na shaka inayofuata inakuja na nguvu zaidi. Pwani wanamjua mtu wa namna hii: anarudia udhu mpaka swala inampita, nao husema ana wasiwasi. Ni ugonjwa unaotibika, na hauchagui dini.

Kubaliana na askofu kwamba kosa lililokwisha kuungamwa halifunguliwi tena. Ukimjia nalo, akukumbushe makubaliano basi, asikutulize. Hamu ya kuungama ikikubana, andika saa, endelea na kazi zako, uone itachukua muda gani kushuka. Hushuka yenyewe isipolishwa. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanamwacha askofu na kuanza kumuuliza mume, au wanarudia sala ile ile mara kumi; hiyo ni kubadilisha duka tu, bidhaa ni ile ile. Tafuta mtaalamu wa saikolojia anayetibu kwa kumzoesha mgonjwa kukaa na shaka bila kuikimbia, na umuulize siku ya kwanza kama anaijua njia hiyo. Anayetumia kila kikao kukuhakikishia kwamba wewe ni mtu mwema atakuwa askofu wa pili.

Kuhusu mfungo, mwongozo wa kanisa wenyewe unataja saa 24 bila kula wala kunywa kwa mwenye uwezo wa kimwili. Unanyonyesha. Kula, toa sadaka yako ya mfungo, yaishe.

Miito nayo ina dawa. Ukimwambia askofu "nimechoka" utapewa maneno ya faraja. Orodhesha saa unazotumia kwa juma katika kila wito, taja ule unaoomba kuachiliwa, na taja tarehe. Akisita, Mosia 4:27 katika Kitabu cha Mormoni inasema haimpasi mtu kukimbia kuliko nguvu alizo nazo.

Na ile amri ya Mathayo 5:48? Biblia yetu inasema "mtakuwa wakamilifu", na Kiswahili hapa kimetufaa: kukamilika ni jambo kufika mwisho wake, na neno la Kigiriki, *teleios*, lina maana hiyo hiyo. Russell M. Nelson, wakati huo mmoja wa mitume wa kanisa, aliifafanua hivyo katika Mkutano Mkuu wa Oktoba 1995. Alionyesha pia kwamba katika Mathayo Yesu anamtaja Baba peke yake kuwa mkamilifu, na anajiongeza mwenyewe baada ya kufufuka tu, katika 3 Nefi 12:48 ya Kitabu cha Mormoni. Kama yeye alisubiri, wewe unaharakisha nini?

Swali: Mwalimu wetu wa seminari, madarasa ya dini ya vijana, anasema viongozi wakishanena, kufikiri kumekwisha. Kuuliza ni uasi? — *Kijana, Nairobi*

Jibu: Msemo huo una tarehe ya kuzaliwa: Juni 1945, katika ujumbe wa walimu wa kata, yaani usharika, uliochapishwa na jarida la kanisa, Improvement Era. Mchungaji wa Kiunitaria, J. Raymond Cope, alimwandikia rais wa kanisa, George Albert Smith, akieleza mashaka yake. Desemba mwaka huo huo Smith alimjibu kwamba huo si msimamo wa kanisa. Bahati mbaya, ujumbe ulisambazwa kwa kuchapishwa, na jibu likaenda kwa barua.

Mwalimu wako hakosi aya: Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko ya kanisa, 1:38 inasema sauti ya watumishi ni sawa na ya Bwana. Lakini kitabu hicho hicho, 58:26, kinamwita mvivu anayengoja kuamriwa kila jambo, na 121:41 inataka ukuhani utumie ushawishi na uvumilivu. Kwako Mwafrika kuna mfano wa karibu zaidi. Mpaka Juni 1978 wanaume weusi hawakupewa ukuhani, na sababu zilihubiriwa mimbarani kwa miaka mingi. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia hizo. Muumini aliyekuwa ameacha kufikiri alikuwa akizitetea.

Ukiuliza, uliza hivi: "Imeandikwa wapi?" Jibu litakuwa andiko, au mwongozo mkuu wa kanisa, ambao tangu 2020 yeyote anausoma kwenye intaneti, au mazoea. Hereni ni mfano mzuri. Mwaka 2000 rais Gordon B. Hinckley alisema msichana avae jozi moja tu. Kijitabu cha vijana cha 2022 hakina tena hesabu hiyo, lakini wapo wanaoendelea kuhesabu masikio ya mabinti wa watu. Uasi, kwa mwongozo mkuu, ni mambo kama kupinga kanisa waziwazi, makusudi na mara kwa mara, hadharani. Swali lako darasani halifiki huko.

Swali: Zaka ni ya mshahara kabla ya makato au baada? — *Dar es Salaam*

Jibu: Sheria ya zaka ya 1838 inasema sehemu ya kumi ya ongezeko la mwaka. Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, uliandika mwaka 1970 kwamba maana yake ni kipato, na kwamba hakuna aliye na haki ya kusema zaidi ya hapo. Makato haukuyataja. Mwisho wa mwaka askofu anauliza kama zaka yako ni kamili, nawe ndiwe unayejibu. Karatasi ya mshahara ibaki nyumbani.