Mifupa ya mama inaliwa na nini?

Pole sana dada, mama kuteleza tu kisimani hapo Kongwa na kifundo cha mkono kuvunjika inauma jamani. Umeuliza mifupa inaliwa na nini, siyo mdudu, ni seli zake mwenyewe zinaitwa osteoklasti, zinajibandika kwenye mfupa zinamwaga asidi inayeyusha kalisiamu halafu vimeng'enya vinamalizia kolajeni, ile protini inayoshikilia mfupa, panabaki kishimo, ndo zinakuja seli zingine, osteoblasti, kuziba. Sasa mwanamke akishakoma hedhi estrojeni, homoni ya kike, inashuka, walaji wanawazidi wajenzi. Dagaa ale wazima na mifupa yao, ila kalisiamu peke yake haitoshi, mpeleke kwa daktari wa mifupa mapema, dawa za kupunguza kasi ya hizo osteoklasti zipo.