Unaanza jiolojia hapa Goma? Anza na mwamba wa moto usiomwagika

Mdogo wangu, ukishaandikishwa tu, watu wa mtaani wataanza kukuuliza kama ni kweli tunaishi juu ya bahari ya moto. Wengi walikimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, wakakimbia tena Mei 2021, kwa hiyo swali lao ni la haki. Usilijibu kabla hujaielewa astenosfera.

Ni tabaka la koti la dunia, yaani mwamba ulio kati ya ganda na kiini, ambalo mabamba ya gandunia husogea juu yake. Nalo ni jiwe, si uji. Ushahidi ni mawimbi ya S ya matetemeko. Hayo hayapiti kwenye kimiminika. Yakifika kiini cha nje, kilomita 2,900 chini, yanakoma. Kwenye astenosfera yanapunguza mwendo tu, halafu yanaendelea. Joto la astenosfera ni kama nyuzi 1,300 za Selsiasi, karibu na kuyeyuka, na huenda kuna matone machache yaliyokwisha yeyuka katikati ya chembe. Ukisukumwa polepole kwa maelfu ya miaka, mwamba huo unajipinda na kwenda, kama barafu ya Ruwenzori inavyoshuka mlimani ikiwa bado barafu. Wimbi la tetemeko halidumu, kwa hiyo linaukuta mgumu. Suala lote ni muda. Ukilishika hilo, sura nzima inafunguka.

Mtihani huwanasa wengi kwenye swali la kwa nini mwamba unayeyuka. Wanaandika "joto limeongezeka", wanakosa alama. Kwenye Bonde la Ufa bamba linavutwa pande mbili na kuwa jembamba. Mwamba wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, ndipo unaanza kuyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Kaboni dioksidi nayo hushusha kiwango cha kuyeyukia. Ndiyo gesi ya mazuku, yaani mabonde na mashimo yenye gesi ya kuua, unayoonywa usiikaribie kwenye njia ya kwenda Sake, mbuzi anapoinamisha kichwa kwenye shimo na asiinuke tena.

Notisi za masomo ni za Kifaransa. Zijadili na mwenzako kwa Kiswahili. Hapo ndipo utajua kama umeelewa au umekariri.

Kisha chora mwenyewe mkato wa ardhi kutoka juu hadi astenosfera, sentimita 1 kwa kilomita 10. Bamba la wastani lina unene wa kilomita 100 hivi, sawa na Goma hadi Bukavu kwa mstari ulionyooka: sentimita 10 kwenye karatasi. Ziwa Kivu lenye kina cha mita 485 halifiki hata milimita moja. Nyiragongo, mita 3,470, ni milimita tatu na nusu. Michoro ya vitabuni huonyesha bomba jekundu kutoka kreta mpaka chini kabisa, na mimi siipendi hata kidogo. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hukaa kwanza kwenye hifadhi zilizo ndani ya ganda, juu sana ya astenosfera. Ukienda kufanya stage, yaani mafunzo ya kazini, kwenye ufuatiliaji wa volkano, utakachosoma kila asubuhi ni mitetemo midogo ya huko juu, mwinamo wa ardhi na gesi.